Jina la Mtoto Wako wa Kwanza

Kaka Elirehema tulimzika shambani kwa baba yake, juu ya Tengeru, katikati ya migomba na mibuni, siku ambayo Mlima Meru haukuonekana kabisa kwa wingu. Mpwa wake alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti ya kanisani: kuzaliwa, kubatizwa, kipaimara, ndoa, kisha kazi. Kwenye kazi walisema alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutengeneza tovuti hapa Arusha, na kwamba kampuni nyingi za utalii zilijulikana Ulaya kwa mikono yake. Yote kweli. Wazee walitikisa vichwa, akina mama tukajifunika kanga vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikisubiri jambo moja ambalo nilijua halitasomwa, kwa sababu tuliolijua tulikuwa watatu tu. Mama Penieli alitangulia miaka michache iliyopita. Wa pili ndiye huyo tuliyekuwa tunamfukia. Udongo ulipoanza kudondoka juu ya jeneza nililia kwa sauti, na watu wakadhani ni mapenzi ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Mapenzi yalikuwepo, tena mengi. Lakini nililia zaidi kwa woga, maana kuanzia saa ile nilibaki mimi peke yangu, katika mji huu wote, ninayejua Naserian anaishi wapi.

Naserian si jina lake la kweli. Nimempa jina la kawaida kwa Waarusha, kama lake lilivyo la kawaida, na mahali alipo sitaandika hata kwa kuzungukazunguka. Msomaji anayetaka kisa chenye ramani atafute kitabu kingine.

Vijana wa ofisini kwangu, ambao huniamkia shikamoo kabla sijaweka mkoba mezani, wanaamini kwamba mdukuzi ni mtu aliyevaa sweta la kofia, amekaa gizani, anabonyeza vitufe kwa kasi ya ajabu. Wamemwona kwenye sinema. Nimewaambia mpaka wamenichoka kwamba huyo sijawahi kukutana naye. Niliyekutana naye mimi alikuwa na adabu nzuri, viatu vimepigwa rangi, na alininunulia chai. Kazi hii ya kuandika programu ina majigambo mengi. Mtu akijua lugha mbili tatu za kompyuta anaanza kuongea kama daktari bingwa. Kwangu mimi programu ni maagizo unayomwachia mlinzi wa getini wakati wewe hupo. Mlinzi huyo ni mtiifu kupita kiasi na hana akili hata kidogo. Ukimwagiza ujinga, atautekeleza huo ujinga mchana na usiku bila kuchoka, na wala hatakupigia simu kukuuliza. Ndiyo maana watu wanaojisifu kwa kuandika haraka sina hamu nao. Na usalama, wateja wanaukumbuka mwishoni kabisa, baada ya rangi za nembo na baada ya tembo anayetembea juu ya ukurasa. "Dada, na usalama umeweka?" Kama anayeulizia chumvi.

Mwaka ninaousema nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nina cheti cha kompyuta ambacho hakuna aliyekitaka. Kaka Eli ndiye aliyenichukua. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili vya kupanga Kaloleni, jirani na uwanja wa mpira, na siku za mechi tulijua matokeo kabla ya watangazaji wa redio. Chumba cha mbele kilikuwa na meza mbili na kompyuta zilizovuliwa magamba ili zisichemke. Chumba cha nyuma kilikuwa stoo, jiko, na mahali pa Kaka Eli kujinyoosha mchana. Kati yetu na saluni ya jirani palikuwa na ubao tu uliopakwa rangi, kwa hiyo tulifanya kazi ndani ya mazungumzo ya watu. Tulijua nani ameachika, nani amepandisha ukuta, mchungaji gani amehamishwa usharika na kwa sababu gani. Mwenye saluni aliwapokea wateja kwa sauti ya mnadani, na harufu ya dawa ya nywele ilikuwa inatukaa mpaka kwenye chakula. Mchana tuliletewa makande, au ndizi na maharage, tukala kwenye bakuli moja huku Kaka Eli akinihubiria. "Glory, mtu anayejaza fomu ni adui mpaka athibitishe kwamba ni rafiki," alikuwa anasema na kijiko hewani. "Umeweka kisanduku cha kuandika simu? Kuna mtu atakuja kuandika humo matusi, mwingine ataandika amri ya kufuta kila kitu. Kagua. Usione aibu kukagua."

Alikuwa Mmeru mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa pua. Alikuwa hodari kweli, nisije nikaonekana namdogosha kwa sababu hawezi kujibu. Lakini alikuwa na imani moja iliyomponza: aliamini hatari inatoka mbali. Kila asubuhi alifungua kumbukumbu za seva na kunionyesha majaribio ya kuingia yaliyotoka nchi ambazo hata kuzitamka hatukuweza, akafurahi kama mtu anayeonyesha wageni simba nje ya uzio. "Unawaona hawa? Wanabisha hodi. Watabisha mpaka kiama." Na kweli hao hawakuingia. Hadi leo wataalamu wengi hapa nchini wana ugonjwa huo. Wanajenga ukuta kuelekea ng'ambo, na upande wa majirani wanaacha upenyo wa kupitishia sahani ya chakula.

Mteja tuliyempenda kuliko wote hakuwa kampuni ya utalii. Alikuwa Mama Penieli, mlezi wa nyumba ya wasichana waliokimbia kuozeshwa, kule Olasiti. Mwenyewe alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, Mlutheri wa kuamka na sala, mama mnene mwenye sauti ndogo ambayo hakuna msichana aliyethubutu kuikaidi. Kaka Eli alimtengenezea tovuti na barua pepe kwa moyo tu, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kupakia picha na kumfundisha kutumia kompyuta. Nilipenda kutumwa. Jiko la nyumba ile lilikuwa kubwa kuliko sebule, na maisha yote yalikuwa jikoni. Nilikula loshoro humo, mahindi yaliyochemshwa yakalainika na kuchanganywa na maziwa ya mgando, mpaka nikashindwa kuinuka. Wasichana waliosha vyombo wakiimba mapambio, wakabishana, wakachekana. Mmoja hakuimba. Aliketi mahali palepale kila nilipokwenda, mgongo ukutani, uso kwenye mlango, na mlango ukigonga kwa upepo aliacha kutafuna. Huyo ndiye Naserian. Alikuwa na umri wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Alikuwa karibu kuozeshwa kwa mtu wa rika la baba yake, akaondoka nyumbani kwa miguu siku ambayo wanaume wote walikuwa wamepeleka ng'ombe kwenye josho. Hilo nililisikia kwa wasichana wenzake, walipokuwa wanachambua mboga na kudhani sisikii.

"Kwao hawajaacha kumtafuta," mmoja alisema.

"Baba yake?"

"Baba yake anapiga kelele tu. Wa kuogopa ni kaka yake. Amesoma yule. Anajua kuuliza."

Nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa mtoto wa mjini, nikaona kuuliza hakuwezi kumdhuru mtu.

Mvua za masika zilipokuwa zinaishia, Mama Penieli alikuja Kaloleni mwenyewe, kompyuta yake imefungwa kwenye kitenge. Tulimwamkia. Aliitikia, akakaa, na hakutaka chai.

"Eli, mwanangu, barua zangu zinasomwa."

"Na nani, mama?"

"Ndilo nimekuja kukuuliza. Zamani barua mpya ilikuwa inakuja imekolea wino, nyeusi tii. Nikishaifungua ndiyo inapauka. Siku hizi nazikuta zimepauka tayari."

Kaka Eli alicheka kwa pua. "Mama, unazifungua halafu unasahau."

"Mimi nasahau miwani," Mama Penieli alisema. "Barua ya mtoto sisahau. Jana imekuja ya ile shule tuliyomwombea mtoto nafasi. Inasema Naserian amepokelewa, inasema gari litakuja kumchukua kwangu Olasiti Jumamosi asubuhi, inamtaja hadi atakayempokea. Nimeikuta imepauka."

Kaka Eli aliacha kucheka. Alimwomba mama aende kwanza pale saluni jirani akaoshwe nywele, sisi tuangalie. Sasa hivi mimi mwenyewe ninapomwambia mteja "nipe muda kidogo niangalie," kwa sauti ileile ya upole, najua ni hofu inayosema. Alifungua kumbukumbu za seva na tukaanza kutafuta nchi za mbali. Hapakuwa na nchi ya mbali hata moja. Kulikuwa na mtu aliyekuwa anaingia kwenye barua za Mama Penieli akiwa hapahapa Arusha, nyakati za alasiri, mtulivu, akisoma na kutoka. Hakubahatisha nywila. Siku ya kwanza kabisa aliiandika sawasawa, na ilikuwa nywila ndefu yenye tarakimu na alama, aliyoitunga Kaka Eli mwenyewe.

"Ameijuaje?" Kaka Eli aliuliza, na hakuwa ananiuliza mimi.

Nilirudi kwenye ukurasa wa kuingilia, nikabonyeza pale palipoandikwa "Umesahau nywila?" Sehemu ile ilikuwa kazi ya mikono yake na alijivunia. Wateja wetu walisahau nywila kila wiki na kukasirika wakiambiwa watunge nyingine, basi akawawekea swali moja; ukijibu sawa, mtambo unakuonyesha nywila yako ileile hapohapo kwenye skrini. Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifanya hivyo namrudisha nyumbani, lakini wakati ule tuliona ni ukarimu. Maswali aliyachukua kwenye programu ya watu wa nje akayatafsiri. Lile la ukoo wa mama alilikataa, akisema hapa koo zinajulikana mno. Lile la mbwa wako wa kwanza lilimchekesha. Akachagua ambalo, kwa maneno yake, hakuna mzazi atakayelisahau. Lilitokea mbele yetu kwa herufi nzuri za kijani: Jina la mtoto wako wa kwanza ni nani?

Nilikuwa bado nalitazama, sijafikiria lolote, mwenye saluni alipopaza sauti nyuma ya ubao. "Mama Penieli! Mama Penieli, sogea hapa, maji yamepata!"

Kaka Eli aligeuka akautazama ule ubao kana kwamba ndio uliosema. Mimi niliandika penieli, kwa herufi ndogo, nikabonyeza. Nywila ikajitokeza yote, na alama zake. Hakuna kilicholia wala kuwaka. Sioni aibu kusema kwamba niliogopa kompyuta kwa mara ya kwanza.

Nimelifikiria swali lile miaka yote hii. Aliyelibuni aliishi mahali ambapo jina la mtoto ni jambo la ndani ya nyumba. Hapa kwetu mwanamke akishajifungua, jina lake mwenyewe linawekwa kabatini, na la mtoto linaitwa sokoni, kanisani, kwa fundi cherehani, kwa daktari. Jina la ubatizo la Mama Penieli nililisikia mara ya kwanza siku anazikwa. Mwanamke yeyote mwenye barua pepe kwenye seva ya Kaka Eli alikuwa anatembea mjini huku watu wanamwita kwa ufunguo wake. Hakuna mgeni wa ng'ambo ambaye angeuokota. Uliachwa kwa ajili ya watu wanaotusalimia.

"Glory," Kaka Eli alisema, "nimemuuza yule mtoto."

Mama Penieli aliporudi, taulo kichwani, alimweleza bila kujitetea. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kaka Eli akasema anabadilisha nywila sasa hivi, anaondoa swali, anafunga kila kitu. Mama Penieli akamzuia mkono.

"Ukifunga, atajua tumejua. Na ya Jumamosi ameshaisoma. Atakuja na watu getini." Maji yalikuwa yanamchuruzika shingoni. "Mwache asome. Ila tumpe cha kusoma."

Siku hizi mbinu hiyo ina majina makubwa na inafundishwa kwenye mikutano hotelini, kwa vitafunwa. Mimi niliiona ikibuniwa Kaloleni na mama mwenye taulo. Barua niliiandika mimi, kwa jina la ile shule. Ilisema mipango imebadilika, gari halitakuja tena Olasiti; Naserian apelekwe Sakina asubuhi ileile ya Jumamosi, kwenye barabara ya Nairobi, apande basi pamoja na shangazi mmoja mwenye mtandio wa kijani. Shangazi hakuwepo duniani. Ukweli ulikuwa kwamba mchungaji mmoja angempitia mapema na kumpeleka shule nyingine, upande mwingine kabisa. Tuliiweka barua kwenye sanduku la Mama Penieli, imekolea wino, tukakaa kuitazama. Ndizi zikaletwa, zikapoa. Kaka Eli alikuwa anafungua ukurasa upya kila baada ya muda, na kila mara ilikuwa nyeusi vilevile. Kisha akafungua tena na ikawa imepauka. Kulikuwa na mtu upande wa pili, karibu nasi, labda mitaa michache tu, anasoma maneno yangu wakati uleule ninapumua. Sijawahi kusahau.

Ijumaa nilikwenda Olasiti kumuaga. Naserian alikuwa amesukwa nywele kwa namna nyingine na amevalishwa sare ya shule isiyo yake. Aliniita pembeni ya jiko.

"Dada Glory, kwenye ile tovuti, unaweza kunifuta?"

Kulikuwa na picha ya kundi zima la wasichana, naye pembeni, nusu uso. Niliifuta mbele ya macho yake. Nikamwambia ukweli, kwamba pale nimeifuta, ila watu waliokwisha kuichukua siwezi kuwafuata.

Alifikiri. "Basi nisipigwe nyingine," akasema, akarudi kukaa mgongo ukutani.

Kesho yake nilikwenda Sakina. Kaka Eli alinikataza, nikakaidi. Nilitaka kumwona mtu huyo kwa macho. Nilikaa kwenye kibanda cha chai katikati ya mafundi magari, mabasi yakipita na kupiga honi, nikijifanya abiria. Nilimtafuta mtu mwenye sura mbaya. Badala yake alikuja Daniel, kijana niliyesoma naye cheti cha kompyuta, aliyekuwa ananiazima vitabu na kuniombea kiti. Nilifurahi kumwona, mjinga mimi, nikaona afadhali nimepata mtu wa kukaa naye.

"Glory! Mambo?"

"Poa. Za siku?"

"Nzuri. Unasafiri?"

"Namsubiri mtu."

"Hata mimi." Akaketi, akaagiza chai na chapati za wawili. Ng'ambo ya barabara palikuwa na pikapu, wazee wawili wamekaa nyuma na fimbo zao, wamejifunga shuka, wanatazama kila basi linalosimama. Daniel aliwatazama, akanitazama mimi, kisha akatazama chai yake muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa ameshaelewa, na mimi nikaelewa palepale.

"Kumbe unafanya kazi kwa Elirehema," alisema polepole. "Basi hapiti hapa."

Nilisogeza sahani ya chapati pembeni.

"Naserian ni dada yangu, tumbo moja," akasema. "Mnanionaje, jambazi? Mama yetu analala jikoni tangu mtoto aondoke. Baba hamsemeshi, anasema yeye ndiye aliyemfungulia mtoto mlango. Hilo kwenye tovuti yenu hamjaliweka."

"Umedukua barua za watu, Daniel."

Alishangaa kwa dhati kabisa. "Mimi? Kompyuta yenu imeniuliza jina la mtoto wa kwanza wa Mama Penieli. Nikajibu. Ulitaka nikae kimya?"

Alimaliza chai yake, akafuta vidole kwa leso. Aliposimama aliniwekea mkono begani, kama anavyofanya ndugu. "Mimi sina haraka, Glory. Ni dada yangu. Nitamwona tu." Akavuka barabara, akaongea na wale wazee, na pikapu ikageuka kuelekea walikotoka.

Sehemu iliyobaki ya mwaka ule Kaka Eli aliitumia kuzunguka kwa wateja, mmoja baada ya mwingine, akiliondoa lile swali. Hakuwaeleza kwa nini. Kucheka kwa pua kuliisha, na mahubiri ya mezani nayo yakaisha. Tulikula tukisikiliza saluni. Nilijifunza kazi mwaka huo, si kwenye cheti. Nilijifunza kwamba kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu ni lazima ujue watu wa mahali hapo wanaitanaje, wanazikanaje, wanaazimana nini, kwa sababu humo ndimo atakamopita anayetaka kuingia. Vijana wangu wakinionyesha mtambo mpya wa usalama kutoka nje, nawauliza umetungwa na nani, anayeishi na jirani wa namna gani. Wananiona mzee mkorofi. Sawa.

Naserian alisoma. Ana kazi, ana mume aliyemchagua, ana watoto. Kila mwezi tulikuwa tunapigiana simu na kuongea mambo ya kawaida, bei ya unga na homa za watoto. Kaka Eli naye alikuwa ananipigia mara mojamoja, anauliza, "Yule mtoto?" Nami namjibu, "Yupo." Hapo mazungumzo yetu yote yalikwisha, na hadi Kaka Eli anaingia kaburini, mwanamke yule mzima mwenye watoto alibaki mtoto kwake.

Wiki chache baada ya mazishi, Daniel aliingia ofisini kwangu, hapa Sakina. Ameota mvi kidogo, inampendeza. Alinipa pole ya msiba, akasema alisikia habari za Elirehema akasikitika. Siku hizi na yeye ni mtu wa usalama wa mitandao, wapi sitasema, ila ni mahali penye uwezo wa kuona mengi, na kadi yake ya kazi ni nzuri kuliko yangu. Aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu vijana wasiokagua kazi zao, tukakubaliana karibu kila kitu, na hilo liliniudhi. Kisha akaweka viganja juu ya magoti.

"Mama anaumwa. Hatavuka mwaka. Siulizi Naserian yuko wapi, Glory. Niambie tu kama yu hai, nikampe mama neno hilo moja."

Sura yake ilikuwa ya mtu anayeuguza. Pengine kweli anauguza. Lakini ukurasa mzuri wa kuingilia, ukiuandikia jina na nywila ya uongo, haukwambii kwamba jina lipo ila nywila imekosewa. Hauthibitishi lolote, kwa sababu anayekuja na nia yake akishajua tu kwamba jina lipo, ameshavuka nusu ya njia. Nimefundisha hivyo miaka mingi. Basi nilimtazama machoni nikasema, "Simjui mtu huyo."

Daniel hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepata jibu.

"Huku kwetu kina Naserian wamejaa," alisema. "Asiyemjua angeniuliza, Naserian yupi? Wa nani?" Akainuka, akanishukuru kwa muda wangu, akafunga mlango kwa adabu.

Nilikaa pale mpaka maziwa yakapata joto. Nilitaka kumpigia Naserian wakati uleule, mkono ulishaifuata simu, kisha nikakumbuka ni mahali gani anapofanya kazi yule bwana, na kwamba huenda alichokuja kukitafuta si jibu langu bali namba nitakayoipiga yeye akishatoka. Sijapiga mpaka leo. Naserian amenipigia mwenyewe, mara nyingi, na nimeiacha simu iite hadi ikatike, nikilitazama jina lake la uongo kwenye kioo cha simu na kulia kama mtoto. Najua anavyodhani. Anadhani nimemchoka, au nimekufa.

Lakini kitabu hakipigi simu. Kitakuwa madukani, kitanunuliwa na watu nisiowajua, na hakuna atakayeweza kusema kimetumwa kwa nani. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiyasoma haya: usinipigie, na namba hiyo iache. Kaka Eli amefariki, alikuwa anakuulizia. Daniel anajua kwamba upo, na kosa hilo nimelifanya mimi mwaka huu, si Kaka Eli wala Mama Penieli. Kuhusu mama yako, sijui kama ni kweli. Ingekuwa ni mama yangu, ningetaka kuambiwa.